Mitandao Miwili Isiyosikilizana, na Kazi ya Ruta Katikati

Tangu kabati la chumba cha mashini lilipofunguliwa ili lisafishwe, wengi wenu mmetuuliza habari ya lile sanduku zito la kijivu lenye matundu manane makubwa. Halina hata waya wa kupokea umeme. Mmoja alisema ni betri, mwingine akasema ni radio ya wamisionari wa zamani. Hapana. Chini yake tulikuta kaye ya kurasa mia moja, imeliwa kidogo na mende, iliyoandikwa na kaka na dada zetu waliosoma hapa mwaka 2008. Ndani yake wameeleza namna walivyounganisha ordinateri za sekretariati na zile za chumba cha masomo, wakati mitandao hiyo miwili ilikuwa haisikilizani kabisa. Tumeisoma mara tatu. Mara ya kwanza hatukufahamu kitu. Sasa tunafikiri tunaweza kuwaeleza, na tutaanzia mahali ambapo kila mtoto wa Kisangani anapajua: gare ya Lubunga, ng'ambo ya mto.

Juu ya nini gare? Kwa sababu wazee wetu wa reli walikutana na shida ile ile miaka mingi kabla ya ordinateri kuwako.

Tazameni safari ya gunia la chumvi lililotoka Kinshasa kwenda Kalemie katika siku ambapo njia yote ilifanya kazi. Linapanda mto kwa mashua, kilomita zaidi ya 1700, mpaka bandari ya Kisangani. Hapo mashua haiwezi kuendelea, kwa maana juu yetu kuko maporomoko saba, yanaanzia hapa kwa Wagenia na kufika hata Ubundu. Basi gunia linashushwa, linavushwa kwenda Lubunga, linapakiwa katika gari la moshi. Reli hiyo ya kilomita 125 kwenda Ubundu, iliyoitwa Ponthierville zamani, ilifunguliwa mwaka 1906. Kule Ubundu linashushwa tena, linaingia mashua nyingine kwenda Kindu. Na Kindu linapanda gari la moshi lingine tena, mpaka Kalemie kando ya ziwa Tanganyika.

Hesabuni: magari manne, mara mbili maji na mara mbili chuma. Nahodha wa mashua hajui kuendesha gari la moshi, na dereva wa gari la moshi hahitaji kujua kina cha mto. Lakini gunia ni lile lile, na karatasi iliyoshonwa juu yake, inayosema "Kalemie, kwa fulani", haikubadilishwa hata mara moja. Kinachobadilika ni gari. Wekeni jambo hili moyoni, tutalirudia.

Hata chuma chenyewe hakikufanana. Reli ya Kisangani–Ubundu ina mapana ya meta moja kati ya vyuma viwili. Ile ya Kindu–Kalemie nayo ilijengwa kwa meta moja, lakini reli ya Katanga ilikuwa na milimita 1067. Zilipotaka kukutana huko Kabalo katika miaka ya 1950, ilibidi njia ya Kindu–Kalemie ipanuliwe, na kazi hiyo ilifanyika mwaka 1955. Milimita 67 tu! Ni mapana ya kiganja kidogo. Lakini gari lililotengenezwa kwa meta moja haliwezi kupita hapo hata kwa kuombewa. Na huko Uele kulikuwa na reli nyingine, ya Aketi kwenda Isiro na Mungbere, yenye sentimita 60 tu. Kila mmoja alijenga kwa mahitaji yake na kwa feza aliyokuwa nayo siku ile, bila kufikiri sana kwamba kesho atataka kukutana na jirani.

Mitandao ya ordinateri ilianza namna hiyo hiyo.

Mwaka 1973, huko Kalifornia, wataalamu wa kampuni ya Xerox, Robert Metcalfe na David Boggs pamoja na wenzao, walibuni namna ya kuunganisha ordinateri za nyumba moja. Waliiita Ethernet. Kanuni yake ilikuwa kama mazungumzo ya watu wenye adabu kidogo: sikiliza kwanza, kama kable iko kimya, sema. Ikiwa wawili wamesema pamoja, maneno yanagongana na kuharibika. Basi wote wawili wanyamaze, kila mmoja angoje kitambo chake kisichopangwa, halafu ajaribu tena. (Siku hizi kila ordinateri inapewa waya wake na mgongano huo umekwisha, lakini jina na umbo la barua vimebaki.)

Kampuni ya IBM ilichukua njia nyingine, ikaanza kuiuza mwaka 1985: Token Ring, tuseme mviringo wa kijiti. Ordinateri zinafungwa katika mviringo, na alama moja ndogo, kijiti, inazunguka kutoka mashini hata mashini. Asiye na kijiti anyamaze. Mwenye nacho anasema, kisha anakiachilia kiendelee. Hakuna mgongano, na kila mmoja anajua zamu yake itafika. Ni kama baraza la wazee, mahali ambapo hasemi ila yule mwenye fimbo mkononi. Lile sanduku la kabatini ndilo moyo wa mviringo huo. Kwa macho linaonekana kama nyota, waya nane zikitoka katikati, lakini ndani yake umeme unazunguka.

Sisi tunaona, na wengine wanaweza kutukatalia, kwamba kwa akili tupu mviringo ulikuwa mzuri kuliko Ethernet. Lakini karte zake zilikuwa za bei kali, na ulikuwa na udhaifu mmoja wa ajabu. Mviringo wa kwanza ulikwenda kwa megabiti 4 kwa sekunde, uliofuata kwa 16. Ukiweka karte moja ya 16 katikati ya zile za 4, mviringo wote unakufa, hata wale wasio na kosa. Kaye inasema kwamba jambo hilo liliwapata siku ya pili, na wakapoteza mchana wote wakitafuta.

Sasa, juu ya nini mtu asichukue tu kable ya upande huu na kuifunga na ya upande ule? Tundu lenyewe linaweza kufanana au kutofanana, hilo si neno kubwa. Shida ni tatu.

Ya kwanza ni zamu. Upande mmoja unangoja kijiti, upande wa pili unangoja kimya. Hawatakutana kamwe.

Ya pili ni ukubwa. Ethernet inakataa barua inayopita okteti 1500. Mviringo unaruhusu zaidi ya 4000. Barua kubwa ikitoka kwenye mviringo na kusukumwa hivi hivi upande wa Ethernet, inatupwa, na hakuna anayeambiwa. Hii ni mbaya kuliko kukatika kabisa, kwa sababu barua ndogo zinapita na unadhani njia ni nzima.

Ya tatu ilituchukua siku mbili kuifahamu. Kila karte ya mtandao ina namba yake ya biti 48, iliyochapwa tangu kiwandani. Ethernet inaposema okteti moja inaanza na biti ndogo. Token Ring inaanza na biti kubwa. Ni kama watu wawili wanaosoma namba 12, mmoja kutoka kushoto, mwingine kutoka kulia: wa pili anasema 21, na kila mmoja ana hakika yuko sawa. Mashini za kuvusha barua kati ya aina hizo mbili zilikuwako, na zilijua kugeuza namba iliyoandikwa juu ya bahasha. Lakini kuko barua moja ambamo namba hiyo imeandikwa pia ndani, ile barua ya kuuliza, "Nani mwenye adresi hii, anionyeshe namba ya karte yake." Ukigeuza ya nje na kuacha ya ndani, jibu linatumwa kwa karte isiyokuwako duniani.

Kuvusha bahasha nzima namna hiyo ni sawa na kubadilisha magurudumu ya behewa mpakani ili lipite juu ya reli ya mapana mengine. Inawezekana, nchi kadha zinafanya hivyo mpaka leo. Lakini jaribuni kubadilisha magurudumu ya behewa ili liende juu ya maji! Kisangani tulijua tangu 1906 kwamba kuko njia nyepesi: acha gari, shusha mzigo, pakia katika gari lingine.

Hiyo ndiyo kazi ya ruta.

Ruta ni ordinateri yenye miguu miwili au zaidi. Mguu mmoja uko katika mtandao huu na kutii sheria zake zote. Mguu wa pili uko katika mtandao ule na kutii za kule. Barua ikifika, ruta inavua bahasha ya nje na kuitupa. Ndani inakuta pakiti yenye adresi ya safari yote, ile tunayoiita adresi ya IP; ndiyo karatasi iliyoshonwa juu ya gunia. Ruta inaisoma, inatazama katika orodha yake ya njia, inachagua mguu wa kutokea, halafu inaivika pakiti bahasha mpya kufuatana na desturi ya upande huo. Kama pakiti ni kubwa kuliko nafasi, inaikata vipande, navyo vitaunganishwa tena na yule anayepokea mwishoni, si na ruta. Namba za karte hazivuki hata kidogo. Biti ndogo mbele, biti kubwa mbele, hayo yanabaki nyumbani kwao.

Wazo hilo waliliandika Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka 1974: kwamba mitandao isilazimishwe kufanana, bali pawekwe mlango katikati na adresi moja inayokubaliwa na wote. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, kuanzia mwaka 1980, William Yeager aliandika programu ya ruta juu ya mashini iliyotengenezwa na Andy Bechtolsheim, kwa sababu chuo kilikuwa kimejaa ordinateri za makampuni mbalimbali zisizosalimiana. Mwaka 1984 Leonard Bosack na Sandy Lerner, waliofanya kazi hapo hapo Stanford, walianzisha kampuni ya Cisco, nayo programu yake ilitokana na ile ya Yeager. Feza nyingi zilipatikana, lakini hiyo si habari yetu leo.

Turudi kwa kaye.

Mwaka 2008 masomo yetu yalikuwa na vyumba viwili. Sekretariati ilikuwa na ordinateri sita zilizoletwa na wafadhili kutoka Ulaya, zimetoka katika ofisi iliyobadilisha vyombo vyake. Zote za Token Ring, zikaletwa pamoja na sanduku lake. Chumba cha masomo kilikuwa na mashini mpya zaidi za Ethernet, pamoja na imprimante moja tu nzuri na mashini moja tu ya kuchoma CD. Na orodha ya wafinalisti wa Examen d'État, majina, tarehe za kuzaliwa na picha, ilikuwa upande wa sekretariati. Ilipaswa kuchapwa na kupelekwa Jumamosi asubuhi. Aliyekosa katika orodha hiyo anapoteza mwaka mzima, ninyi wenyewe mnajua.

Mtauliza: kwa nini hawakutumia disketi? Walijaribu. Disketi moja inabeba megaokteti 1.44, na picha zilikuwa nyingi. Tena vumbi na unyevu wa mto vilikuwa vimekwisha kuua matundu ya disketi ya mashini nne kati ya sita. Mbili zilizobaki zilisoma Jumatatu na kukataa Jumanne.

Mwalimu wa fizika aliwapa ordinateri moja ya zamani, akasema, "Mnataka ruta, basi hii ndiyo ruta, tieni karte mbili." Waliweka Linux. Hapa kuko jambo la kujua kwa yule atakayejaribu leo: Linux imeacha kabisa kutambua karte za Token Ring tangu toleo lake la 3.5, mwaka 2012. Wao walikuwa mbele ya mwaka huo, wakafaulu.

Kosa lao la kwanza lilikuwa adresi. Walitaka ionekane kama kwamba kuko kable moja, basi wakagawia pande zote mbili namba za jamaa moja, 192.168.1 na kitu. Hakuna kilichopita. Iliwachukua saa nyingi kufahamu sababu yake, na ni nzuri sana. Ordinateri inapotaka kutuma barua inajiuliza kwanza: huyu ninayemwandikia ni jirani yangu wa uwanja mmoja, ao ni mtu wa mbali? Ikiwa jamaa ya namba ni moja, inasema ni jirani, na inamwita kwa sauti ndani ya uwanja wake. Haifikirii kumtafuta ruta. Na jirani hayuko pale, yuko upande wa pili. Utapigia kelele mtu wa Makiso kutoka Lubunga bila kwenda kivukoni?

Wakabadilisha. Ethernet ilibaki 192.168.1, mviringo ukapewa 192.168.2. Ruta ikapata adresi mbili, moja kwa kila mguu, zote zikiishia na 1 ili zikumbukwe upesi. Tena waligundua kwamba mashini za sekretariati zilikuwa zinasema NetBEUI tu. Hiyo ni lugha ya ndani ya nyumba. Haina adresi ya safari, kwa hiyo hakuna ruta inayoweza kuisaidia. Ni gunia bila karatasi. Ilibidi kuifundisha kila mashini IP, moja baada ya nyingine.

Halafu wakajaribu kubisha hodi. Kuko programu ndogo inayoitwa ping. Inatuma neno fupi na kungoja jibu. Kutoka chumba cha masomo walibisha mguu wa karibu wa ruta: karibu. Wakabisha mguu wake wa mbali: karibu. Wakabisha mashini ya sekretariati: kimya.

Ruta ya Linux, jueni, haivushi mizigo mpaka imeambiwa. Ukiiwasha inajibu kwa ajili yake yenyewe tu, kama mlinzi aliyesimama mlangoni ambaye hajapewa ruhusa ya kupitisha watu. Kuko fili moja, /proc/sys/net/ipv4/ip_forward, ambamo mna tarakimu 0. Ni lazima iwe 1. Wakaandika 1.

Wakabisha tena. Kimya.

Hapo waligombana. Kaye inaonyesha maandiko ya watu wawili katika ukurasa mmoja, mmoja akisema karte imekufa, wa pili akisema kable. Dada mmoja alienda kukaa sekretariati mbele ya mashini yenyewe na kuweka programu ya kuhesabu pakiti zinazoingia. Mwenzake akabisha mara kumi kutoka chumba cha masomo. Dada akahesabu: kumi zimeingia. Hodi zilikuwa zinafika! Karibu ndiyo haikurudi.

Hili ndilo kosa ambalo, kadiri tulivyosoma, linawapata hata mafundi wakubwa. Mashini ya sekretariati ilipokea hodi kutoka 192.168.1.14, ikataka kujibu, ikajiuliza njia ya kwenda 192.168.1 ni ipi, na haikuwa na jibu. Hakuna aliyeiambia mlango wake wa kutokea ni upi. Njia ya kwenda na njia ya kurudi ni vitu viwili, na kila upande unapaswa kujua ya kwake. Waliandika katika kila mashini ya mviringo: mlango ni 192.168.2.1. Na katika kila mashini ya Ethernet: mlango ni 192.168.1.1. Saa kumi na moja ya jioni, siku ya Alhamisi, karibu ya kwanza ilirudi. Kaye imeandika saa hiyo kwa herufi kubwa na kuipigia mistari miwili.

Walidhani wamemaliza. Lakini majina ya mashini za sekretariati hayakuonekana kwenye Windows ya chumba cha masomo, kwa sababu mashini zile zilikuwa zinatangaza majina yao kwa kelele ndani ya uwanja, na kelele haivuki ruta. Ni vizuri isivuke, la sivyo kila mtandao duniani ungesumbua wote. Walilazimika kuandika orodha ndogo katika fili LMHOSTS: jina hili, adresi hii. Ijumaa saa nane mchana picha ya kwanza ya mfinalisti ilifunguliwa upande wa pili.

Ijumaa usiku umeme ulikatika.

Ulirudi saa nne ya usiku. Mashini zote zikawashwa, ruta nayo, na hakuna kilichopita. Prefe mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na taa ya petroli, haongei. Wakabadilisha kable, wakafungua sanduku, wakabisha hodi kila mahali. Miguu yote miwili ya ruta ilijibu vizuri kabisa. Ni baada ya saa moja na nusu ndipo mmoja wao alikumbuka kutazama ile fili ya tarakimu moja. Ilikuwa imerudi 0. Walichoandika siku ya Alhamisi kilikaa katika kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya mashini inaondoka pamoja na umeme. Hawakuwa wameandika amri hiyo katika fili inayosomwa kila mara mashini inapowaka. Waliandika 1. Mara hii waliiandika mahali pawili.

Walichapa mpaka alfajiri. Kaye haisemi zaidi ya hayo, ila kwamba orodha iliondoka juu ya toleka saa moja na nusu asubuhi, imefungwa katika nailoni kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Mtu anaweza kuuliza: na ikiwa pande mbili hazikubaliani hata juu ya adresi ya safari? Hapo ruta haitoshi, panahitajiwa mkalimani. Wazee wa Kilokele watatufahamu upesi. Katika misioni ya Yakusu, chini kidogo ya mto kutoka hapa, John Carrington, mwalimu wa misioni ya Kibaptisti aliyefika mwaka 1938, alichunguza ngoma zinazosema, na kitabu chake kilitoka mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma inapiga sauti za juu na za chini za maneno yenyewe, na kwa kuwa maneno mengi yana sauti sawa, mpigaji anaongeza maneno marefu ili msikiaji asikosee. Basi ngoma ya Kilokele inafuata lugha ya Kilokele, na kabila lingine linasikia mlio tu. Habari ikitaka kupita mpaka huo, lazima awepo mtu anayesikia lugha zote mbili, aifahamu habari nzima, halafu aipige upya kwa maneno ya kule. (Kiswahili chetu hakina sauti za namna hiyo, kwa hiyo hakipigiki. Tulijaribu juu ya meza ya refektwari, tukafukuzwa.)

Vivyo hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika mengi ya Afrika yalituma barua kwa FidoNet, mtandao wa ordinateri zilizopigiana simu usiku wakati bei iko chini, kila moja ikihifadhi barua za mwenzake. Adresi zake zilikuwa namba za namna nyingine kabisa, na Afrika ilikuwa eneo la 5. Huko London, shirika la GreenNet lilikuwa na mashini iliyosoma barua nzima za Fido na kuziandika upya kwa desturi ya Intaneti, na kinyume chake. Si kubadilisha bahasha tu, ni kufasiri. Ni kazi nzito zaidi na polepole zaidi, na ndiyo maana dunia ilipendelea kukubaliana juu ya adresi moja ili ruta zifanye kazi nyepesi.

Na kwa wale wanaosema mambo haya ni ya kale: telefone ya mkubwa wako inapowagawia wenzake intaneti uwanjani, ni ruta yenye miguu miwili. Mguu mmoja unasema kwa mawimbi ya Wi-Fi na telefone zilizo karibu, mguu wa pili unasema kwa mawimbi ya antena ya mji. Bahasha za pande hizo hazifanani hata kidogo. Inavua na kuvika, inavua na kuvika, mara elfu nyingi, na ndiyo maana unaisikia ina joto mfukoni.

Ukurasa wa mwisho wa kaye una orodha ya adresi zote za wakati ule, na chini yake neno moja kwa watakaofuata: kabla ya kugusa kable, bisheni hodi kutoka pande zote mbili. Karte za mviringo zilitolewa mwaka 2013, sekretariati ilipopata mashini nyingine. Ordinateri iliyokuwa ruta ilikufa na radi. Sanduku la kijivu, tumeomba lisitupwe. Sasa linashikilia mlango wa chumba cha mashini usifungwe na upepo.